Nilimuua Sabina wa Kikosi cha Ghalani kwa sababu ya firigisi

Wakuu, salamu kutoka Kitale, kwenye kiti changu kile kile.

Haya nitakayosema ni ukweli. Ningekuwa naongeza chumvi ningejiweka mahali pazuri kidogo, na mtaona wenyewe nimejiweka wapi.

Kwanza mnijue. Nina miaka arobaini kasoro kidogo, natengeneza redio na pasi za watu hapa sebuleni kwangu. Wateja ndio huja. Mimi siendi popote. Jirani aliwahi kuniambia, "Wanjala, hata jua linakuona kwa dirisha tu." Sikukasirika. Ni kweli.

Sasa uzi.

Tukiwa wadogo huko Lugulu, upande wa Bungoma, laibrari ya shule yetu ilikuwa katoni moja ofisini kwa mwalimu mkuu. Ndani yake kulikuwa na vitabu vinane vyembamba vya Kikosi cha Ghalani. Watoto wanne wanakutana kwa ghala la mahindi, wanachunguza mambo. Kuku wamepotea, wanaenda. Taa imeonekana kilimani, wanaenda.

Sabina ndiye kiongozi. Tito ana nguvu. Zakayo ana akili. Halafu kuna Kibe, ambaye kila kitabu lazima aambiwe, "Kibe, wewe baki na mabegi."

Mimi nilikuwa Tito. Hakuna aliyenichagua, nilijitangaza.

Nyumba moja ilipewa kitabu kimoja, Jumatatu mpaka Ijumaa. Dadangu Nekesa alikuwa darasa la pili, bado anavuta herufi moja moja, kwa hivyo mimi nilisoma halafu namsimulia nyuma ya jikoni. Yeye alikuwa Sabina. Alifunga kitambaa kichwani kama Sabina, na akiambiwa aoshe sufuria alisema Sabina haoshi.

Tukafika kitabu cha nane, cha mwisho. Kikosi wanapanda mlima, Sabina anaingia pango.

Wiki hiyo hiyo pastor akaja kula kwetu. Kukhu, yaani nyanya yetu, akachinja jogoo. Wale wa kwetu mnajua firigisi si ya mtoto. Ni ya mwanamume mkubwa wa hiyo meza. Mimi nikapita jikoni, nikaiona, nikaimaliza.

Sahani ikafika mbele ya mgeni bila firigisi. Kukhu anageuza vipande na kijiko kama mtu ameangusha kitu ndani. Nekesa akasema kwa ile sauti ya Sabina, "Ni Wanjala. Nimemwona."

Nilichapwa pastor akiangalia, tonge la ugali mkononi.

Ijumaa Nekesa akaniuliza, "Sabina alitoka kwa pango?"

Alitoka, wakuu. Nilikuwa nimesoma mpaka mwisho. Alitoka mzima.

Nikamwambia, "Alikufa."

"Alikufa aje?"

"Aliteleza huko ndani. Hawakumpata. Kilichobaki ni kitambaa chake tu."

Hicho kitambaa nilikiongeza mwenyewe, sikuwa nimeombwa. Kitabu nikakirudisha shuleni siku hiyo hiyo.

Kesho yake Nekesa na wasichana wawili wa jirani wakaweka matanga nyuma ya jikoni. Wakawasha moto wa magunzi, wakakalia magunia, wakalia. Halafu wakaniita nihutubie, kwa sababu mimi ndiye niliyemjua marehemu zaidi. Nikasimama nikasema Sabina alikuwa msichana wa bidii, ameacha pengo. Nikalia na mimi. Machozi ya kweli. Sijaelewa mpaka leo.

Kukhu akasikia kilio akiwa shambani. Sasa, kwetu mtu haulizi kwanza. Unalia, maswali baadaye. Akaangusha jembe, akafunga leso kiunoni, akaketi katikati yetu akalia vizuri kabisa. Alipomaliza ndipo akauliza, "Ni nani?"

Tukamweleza ni wa kitabu. Nikajua nimekwisha. Lakini Kukhu akafikiria kidogo, akasema, "Mtoto ni mtoto. Nishamlilia kwa boma yangu. Jina lake litarudi hapa."

Miaka ikaenda. Kukhu akatuacha. Nekesa akaolewa, sasa anashona nguo Bungoma mjini. Akapata msichana, akamwita Sabina. Siku ya kumpa jina aliwaambia wageni ni jina la rafiki aliyempoteza utotoni. Watu wakasikitika. Mimi nilikuwa hapo hapo, na paja la kuku mkononi. Ningeweza kusema.

Nikamaliza paja.

Sabina sasa ana miaka kumi. Mwezi uliopita, Jumatatu, Nekesa akanipigia. Shule inapeleka watoto tripu Mlima Elgon kuona mapango, na mtoto amekataa. Darasa lote wanaenda, yeye analia anasema Sabina wa kwanza alibaki kwa pango, na yeye atabaki.

"Na wewe umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimwambie nini, Wanjala? Mimi mwenyewe naogopa. Fomu iko hapa, sijatia sahihi. Ijumaa ndiyo mwisho."

Simu ikakatika. Nikabaki na pasi ya mtu mkononi, nyaya zote nje. Yaani msichana anakosa mlima kwa sababu ya firigisi.

Nikatoka nyumbani. Jirani akauliza kama kuna msiba.

Mjini kuna mama anauza vitabu vilivyotumika, amevipanga juu ya turubai. Nilimsumbua siku mbili. Siku ya pili akavuta gunia la nyuma: Kikosi cha Ghalani, vinne tu, na cha nane kikiwa kimojawapo. Jalada halina, lakini mwisho upo.

Nilivisoma vyote mchana huo, wateja wanagonga mlango, mimi kimya. Nisikilizeni: kurudia hivi vitabu ukiwa mtu mzima ni hatari. Nilikuwa namtafuta Tito ili nijione. Tito anaruka mto. Tito anabeba mtu mgongoni. Mimi nikipanda kiti kubadilisha balbu lazima nipumzike katikati.

Halafu nikafika kwa Kibe. Kibe anasema mvua itanyesha. Kibe anauliza kama ni lazima twende sisi wote. Kibe amekaa na mabegi, na chapati za watu zimepungua.

Nikaweka kitabu chini polepole, kama mtu ameona picha yake kituo cha polisi.

Nilifikiria kumdanganya Nekesa tena, wakuu. Nimwambie kumbe shule ilitupa kitabu chenye kurasa pungufu, ati nimejua leo. Ilikuwa imeshapangika vizuri. Lakini hata Kibe, na uoga wake wote, hakuna mahali amedanganya.

Alhamisi nikafika Bungoma. Nekesa alikuwa anapika kuku. Sabina akanisalimia, "Khocha!", hivyo ndivyo kwetu mtoto humwita kaka ya mama yake, akachukua kitabu cha nane, akaruka moja kwa moja mpaka mwisho. Akasoma kwa sauti:

"Sabina akatoka pangoni, matope mpaka magotini, akauliza kama chai imebaki."

Mamake akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Wanjala."

"Nekesa."

"Hiyo ukurasa ulikuwa umeisoma?"

"Nilikuwa nimeisoma."

"Kabla ya matanga?"

"Kabla."

"Na ukahutubia?"

"Si mliniita, bana."

"Kukhu aliangusha jembe! Amelia mpaka leso imelowa, na wewe umesimama hapo unasema ameacha pengo!"

"Nekesa, ni ile firigisi..."

"Firigisi? Miaka yote hii bado uko na firigisi?"

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaenda akasimama mlangoni, akanipa mgongo. "Nimempa mtoto wangu jina la marehemu," akasema. "Kila akishikwa na homa nilikuwa naona hilo pango."

Hapo mzaha ukaniishia. Nikamwomba msamaha. Sikuwa na maneno mengi, na kwa mara ya kwanza sikuongeza chochote.

Sabina akauliza, "Kwa hivyo yeye ako hai?"

"Ako hai," nikasema.

"Na Khocha ndiye alimuua?"

"Huyo," Nekesa akajibu bila kugeuka.

Mtoto akaniangalia vile Kukhu aliangalia ile sahani ya pastor. Halafu akasema, "Mama, leta fomu."

Nekesa akatia sahihi. Akasoma chini, akasoma tena, nikaona bega lake linacheza, anazuia kicheko. "Hapa wanataka wazazi wachache wa kusaidia. Wanjala ataenda. Yeye ndiye alimweka huko, amtoe mwenyewe."

Akapakua chakula. Firigisi akaiweka kwa sahani ya Sabina, macho yake kwangu. Sabina aliila polepole sana.

Jumamosi tukaenda, Sabina amefunga kitambaa kichwani kama yule wa kitabu. Nilipanda vizuri mpaka pale njia inapoanza kupanda. Mwalimu akasikiliza ninavyopumua, akaniambia kwa heshima, "Anko, labda wewe ubaki hapa uchunge mabegi."

Sikubisha. Nikaketi juu ya jiwe na mabegi ya darasa zima na chupa ya chai. Nilikula chapati moja, na ilikuwa yangu.

Wakaingia. Kwa huo mlima wote hakuna mtu aliyeogopa kama mimi. Wakaanza kutoka, wawili wawili, wanacheka. Sabina hayuko. Wakatoka wengine. Hayuko. Nikasimama. Nikapanda hatua kama ishirini, bila kuambiwa, mabegi nikayaacha peke yao.

Akatoka wa mwisho, matope mpaka magotini, kichwa wazi.

"Khocha! Chai imebaki?"

Nikammiminia. Nusu ikaenda kwa nyasi.

Kitambaa chake kilibaki huko ndani. Kwa hivyo wakuu, iandikwe kwamba hiyo sehemu sikudanganya.

Funzo nililopata: ukimsimulia mtoto kitabu, kimalize vile kimeandikwa, hata kama amefanya uchapwe. Hujui ni nani atakuja kubeba huo uongo wako kama jina.

Sasa zamu yenu. Mlijidhani nani kwa vitabu vya utotoni, na mmekuwa nani? Akina Tito mtakuwa wengi, najua. Akina Kibe mwenzangu msijifiche, nafasi iko hapa kwa jiwe. Na mwenye Kikosi cha Ghalani namba tano aseme, kuna mtu Bungoma anakitafuta, na amekataa kusimuliwa.