Mbuzi Niliyemvisha Kanga

Askari aliponiuliza kama mbuzi aliyefungwa pale nje ni wangu, nilimjibu kwamba si wangu, nimemwiba, na wenyewe wakizidi kuchelewa nitarudi kuchukua na sufuria. Kisha nikacheka. Nilidhani ametumwa na wafiwa kuendeleza utani. Alikuwa amevaa sare, mwenzake amesimama mlangoni, na mimi bado nikaenda kumtafutia kiti. Kidato cha nne nilimaliza, cheti ninacho kabatini, lakini sikuweza kutofautisha mfiwa na polisi.

Mimi ni mtu wa ndani. Tangu nihamie Mtawanya, hapa Mtwara, safari zangu ni sokoni na msibani, na sokoni mara nyingi namtuma mtu. Mkeka, redio na korosho za kubangua vinanitosha. Ila msiba wa mtani siukosi, maana ndiko mahali pekee ambako watu wananishukuru kwa kusema ovyo. Ukoo wetu na ukoo wa mzee mwenye mbuzi yule, aliyekuwa amefariki, ni watani tangu kwa mababu. Akifa mtu kwao, sisi tunakwenda kuwachekesha: tunamwigiza marehemu, tunasusa chakula, tunachukua kitu chao na kuondoka nacho. Wao wanakuja kukikomboa kwa kuku au hata bakuli la mchele, wanatutukana kidogo, na wote tunarudi majumbani tukiwa wepesi kuliko tulivyokwenda.

Siku ile nilichukua mbuzi. Alikuwa nyuma ya nyumba akisubiri kuchinjwa siku ya hitma. Nilimvisha shingoni kanga niliyoikuta kwenye kamba, nikapita naye mbele ya turubai watu wote wakiona, nikiimba kwamba nimepata mume mwenye ndevu. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mmoja tu hakucheka, mtoto wa kiume wa marehemu, aliyeondoka Mtwara akiwa mdogo na kurudi kwa ajili ya mazishi. Ningemwacha. Badala yake nikamwambia kwamba analia kama mtu anayeita bajaji. Ndiye aliyekwenda polisi, na mpaka leo naamini kilichonifikisha mahakamani ni hiyo bajaji, wala si mbuzi.

Kituoni nikasomewa kosa: wizi wa mifugo. Nilikuwa najua wizi ni wizi tu. Sikujua kwamba mbuzi ana kifungu chake mwenyewe, na kwamba nikipatikana na hatia naweza kufungwa miaka ya kutosha kutoka nikiwa sina meno. Kicheko kikaisha hapo. Mbuzi naye aliletwa kama kielelezo, wakamfunga karibu na maua. Yeye alikula vizuri.

Aliyenitafutia wakili ni jirani yangu, muuza maandazi, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja. Wakili mwenyewe ana ofisi Chikongola, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alinifuata kituoni: kijana mwembamba, sauti ndogo, mpaka nikajiuliza hakimu atamsikiaje.

"Mama, polisi umeshawaambia nini?"

Nikamwambia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Yote hayo?"

"Na la sufuria."

"Basi kuanzia sasa, mtu akikuuliza habari ya huyu mbuzi, mwambie una wakili."

"Hata jirani?"

"Hasa jirani," akasema, na jirani yuko pale pale ananishikia mkoba.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kunitoa kwa dhamana. Alisimama mbele ya hakimu akaeleza kwamba mteja wake ana makazi yanayojulikana na hana mahali pa kukimbilia, kwani hata sokoni haendi. Ndugu zangu wamenisema maisha yote kwa kutotoka nje, na siku hiyo kutotoka huko ndiko kulikonitoa. Jirani akasaini kama mdhamini, akaniambia nikitoroka yeye atanifuata mpaka Msumbiji.

Kisha wakili akaja kwangu. Hakutaka chai. Alitaka kuona mbuzi alikuwa amefungwa wapi.

"Hapa barazani? Kila anayepita njiani anamwona?"

"Wengine walikuwa wanamsalimia."

Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu. Akanieleza kwamba mtu anayechukua kitu akiamini kwa dhati kuwa ana haki ya kukichukua, sheria haimwiti mwizi. Kazi yake ni kumwonyesha hakimu kilichokuwa kichwani mwangu siku ile.

"Kilikuwa pilau," nikasema.

"Mama."

Mtu aliyeweza kuithibitisha haki hiyo ni mjane, na mjane alikuwa ndani ya eda, hatoki nyumbani. Alishamwambia mwanawe aachane na mambo hayo, lakini kesi ilikuwa imeshafunguliwa na sasa ilikuwa ya Jamhuri. Hilo lilinitisha kuliko kifungu: nchi nzima, dhidi yangu, kwa mbuzi mmoja. Wakili alikwenda akakaa nje ya dirisha la mjane, wifi yake akiwepo, wakazungumza pazia likiwa limeshushwa. Mjane akaahidi kwamba akitoka eda, safari yake ya kwanza itakuwa mahakamani.

Tulipofika kwenye ushahidi, ile sauti ndogo ya wakili ikaanza kufanya kazi. Alimuuliza yule kijana wa marehemu kwa upole kama anamuuliza njia.

"Alimchukua mbuzi kwa siri?"

"Hapana. Alikuwa anaimba."

"Waliokuwepo walimwona?"

"Wote."

"Wakafanya nini?"

Kijana akatazama chini. "Walicheka."

Akaja askari, na majibu yangu yakasomwa, la sufuria likiwemo. Nilitamani sakafu inifiche. Wakili akauliza, "Alipokuambia hayo, alikuwa katika hali gani?"

"Alikuwa anacheka. Akanipa kiti."

"Na wewe?"

Askari akakohoa. "Nilicheka kidogo."

"Kwa nini?"

"Na mimi nina watani, wakili."

Zamu yangu ilikuwa ngumu zaidi. Wakili alikuwa amenifanyisha mazoezi ofisini, yeye akijifanya mwendesha mashtaka, na kila mara nilishindwa. Sasa mwendesha mashtaka wa kweli akaniuliza, "Ulimwomba nani ruhusa kumchukua huyo mbuzi?" Jibu tamu lilinijia mpaka ncha ya ulimi. Nikamtazama wakili. Alikuwa ameshika kalamu yake kwa mikono miwili. Nikalimeza.

"Sikuomba. Kwetu mtani haombi, anachukua mbele za watu na kusubiri kukombolewa. Nami nilikuwa nasubiri."

Nikanyamaza. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Mjane, eda yake ikiwa imekwisha, aliingia siku iliyofuata ya kesi. "Mheshimiwa," akamwambia hakimu, "huyu angeondoka mikono mitupu ningejua ana kinyongo na marehemu. Mbuzi ningemkomboa mimi, ila niliingia eda. Mwanangu hakulelewa huku, hajui." Akanigeukia. "Ila kanga yangu sijaiona."

Wakili wangu, ambaye sikuwahi kumwambia kanga ilikuwa ya nani, akainamisha kichwa. Mjane akaanza kucheka. Hakimu akaangalia dirishani kwa muda.

Hukumu ilisema Jamhuri haikuthibitisha kwamba nilichukua kwa nia ya kuiba. Nikaachiwa huru. Wakili alinipa mkono, akasema, "Mama, kaa nyumbani." Ushauri wake wote wa nyuma ulinitoa jasho, huu niliupokea kama sadaka.

Wiki hiyohiyo yule kijana akaja barazani, amebeba kuku mbali na shati lake.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukomboa."

"Marahaba. Mbuzi si mmesharudishiwa? Unakomboa nini?"

"Sijui. Mama kasema ndivyo inavyotakiwa." Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Ninyi mmetaniana na baba mpaka mwisho. Mimi sikuwepo."

Nilikuwa na la kumjibu, zuri sana. Nikampa kiti, nikapokea kuku, nikaenda ndani kumletea kanga ya mama yake, imefuliwa na kukunjwa. Akakaa mpaka chai ikaisha, nami sikumtania hata neno moja.

Jirani alikuwa anatusikiliza juu ya ukuta, hata hakujificha. Kijana alipoondoka akaniambia, "Mbuzi hukuiba, shoga, nakubali. Ila ule mdomo wako, siku wakikushtaki kwa huo, mimi ndiye shahidi wao wa kwanza."