Mwiko wa Zaina Haujanyamaza

Mpaka sasa sijakubali kwamba Zaina ametutoka. Jana tumemzika Malindi, hii yetu ya Lushoto, udongo nimeuona kwa macho yangu. Asubuhi hii nimekaa na chai yangu, nikasikia mwiko wake. Ko, ko, ko, kwenye bakuli la bati. Nikageuka kutazama. Jamani!

Ninyi vijana wa humu kwetu mmemjua akiwa bibi wa mkongojo. Zaina wa ujana hamkumjua, na tuliofanya naye kazi enzi za Mwingereza nimebaki mimi tu.

Tulikuwa chumba cha dawa, hospitali moja ya huku Lushoto. Tulichanganya marhamu za wodini, na krimu za mikono za mabibi wa Kizungu waliolalamika baridi inawapasua ngozi. Ilitupasua na sisi, ila nani angetuagizia krimu!

Kazi yenyewe ni hivi: unaloweka gundi ya mti mpaka iwe jeli, halafu unatia mafuta tone kwa tone huku unakoroga. Mafuta na maji hayapatani, sabuni ndiyo inayoyashikanisha. Ikizidi, krimu inatoka laini ajabu lakini inachoma kidonda. Ikipungua, ukipumzisha mkono tu mafuta yanapanda juu, umeharibu.

Kwa hiyo Zaina akikoroga hageuki. Watu wakasema anaringa.

Nilimtania, "We Zaina, hata nyumba ikiungua?"

"Nitaungua na bakuli langu." Macho hakuinua.

Halafu Rehema wangu, ndio kwanza anatambaa, akatumbukiza mikono yote miwili kwenye uji wa moto. Ngozi ikababuka. Tuliogopa vidole vitapona vimegandana, mtoto abaki na ngumi maisha yake yote. Mimi nilikuwa sijiwezi, nalia tu nimeegemea ukuta.

Krimu ya kawaida ilimfanya apige yowe. Zaina akaona ni sabuni, akaipunguza mpaka karibu hakuna. "Nyamaza, Mama Rehema. Hii nitaishikilia kwa mkono," akaniambia. Akakaa kando ya kitanda anakoroga bila kuacha, mimi nachota na kupaka katikati ya vidole.

Tuko hapo, mlangoni akasimama mavyaa wake, mama wa mumewe, katoka Mlola kwa miguu. Kwetu mkwe akifika unaacha kila kitu, unapiga goti, unaamkia. Zaina alitoa shikamoo amekaa vilevile, mwiko unakwenda.

Yule mama alimtazama, akageuka, akaondoka. Hakuitikia.

Hakuitikia siku hiyo wala nyingine yoyote. Zaina alimfuata Mlola kumwomba radhi, akapiga goti uwanjani watu wakiona. "Shikamoo, mama." Mavyaa akaingia ndani. Mume akanuna, ndoa ikayumba, na yule mama akafa na marahaba yake moyoni.

Tangu hapo, tumekaa zetu tunachambua mboga, Zaina anainua kichwa ghafla. "Umesikia? Kuna mtu kaitikia." Loo! Nilimfokea, nikamwambia aache mambo hayo. Leo nasikia mimi.

Jana wanawake tuliingia kumwosha. Aliyemsugua mikono, kidole kimoja kimoja, ni Rehema, naye sasa ni bibi. Makovu anayo, lakini vidole vyake vyote vimenyooka, kila kimoja peke yake. Nilivitazama vikipita kwenye mkono wa Zaina. Ilibidi nitolewe nje.

Zaina, huko ukimkuta mavyaa wako, mwamkie tena. Mwambie yule mtoto alipona, na mikono yake ndiyo iliyokuosha. Safari hii ataitikia.

Weka mwiko chini sasa, mwenzangu. Umekoroga vya kutosha. Lala.