Mistari Mitatu ya Mama Futi

Kwa miaka kumi na minane nimekaa kwenye dirisha la mapokezi la ofisi ya uthamini wa nyumba, na nilidhani nimeona yote. Nimeona mwanamume mzima akilia kwa sababu ya choo kilichosahauliwa kwenye ripoti. Nimewahi kurushiwa kandambili. Lakini Jumanne ile, nilipoinua macho kutoka kwenye kikombe cha chai nikamwona Mama Futi amesimama kwenye foleni ya walalamikaji, nyuma ya muuza mkaa, ripoti mkononi, nusura nipaliwe.

Mnielewe. Mama Futi ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi hii hii. Ndiye aliyeniajiri. Alistaafu mwaka juzi tu. Jina tulimpa sisi kwa sababu ya futi ya chuma ambayo haikubanduka kiunoni mwake, nasikia hata kwenye harusi za watu alikwenda nayo. Alikuwa mtu safi, sikatai. Hakula cha mtu, hata soda. Alipima chumba mara mbili, akaandika, akafunga daftari, na akishafunga amefunga. Ukimwambia kuna kitu hakukiona, jibu lilikuwa moja: "Macho yangu yako salama. Andika fomu."

Sasa hiyo fomu. Zamani mtu asiyeridhika na thamani ya nyumba yake aliandika barua, na watu wa huku kwa barua hawajambo! Mtu anaanzia babu yake alivyohamia mtaani, unafika ukurasa wa nne hujaona paa. Mama Futi akachoka, akabuni fomu ya pingamizi yenye mistari mitatu. Mitatu tu. "Mwenye hoja hahitaji mstari wa nne," alisema. Wajanja wakaanza kugeuza karatasi na kuendelea nyuma, naye akaniagiza kwamba ya nyuma hayasomwi. Nami nikawa mkali kumshinda aliyenituma. "Ya nyuma hayasomwi, baba. Anayefuata!" Niliisema sana hiyo sentensi, mpaka wanangu wakawa wananiigiza nyumbani.

"Karibu mama, za siku nyingi?" nilisema, nimesimama wima bila kujijua. "Pita ndani, mkuu yupo."

"Nimepanga foleni. Nihudumie hapa hapa." Akanisukumia ripoti. "Nataka fomu."

Barabara ya mtaani kwake ilikuwa inapanuliwa, na nyumba zote za upande wa kushoto zilikuwa zibomolewe. Mwenye nyumba analipwa fidia kwa kufuata thamani tunayoandika sisi. Nikafungua ukurasa wa mwisho kuona ya kwake, nikaisoma mara mbili nikidhani nimeruka tarakimu. Ilikuwa fidia ya kujenga vyumba viwili bila paa na kukaa jua likichungulia. Na Mama Futi anaishi na mama yake mzazi, bibi asiyeinuka kitandani. Siku ya mwisho ya kupokea pingamizi ilikuwa kesho yake.

"Mungu wangu," ilinitoka.

"Soma maelezo."

Nikasoma. *Nyumba ya kawaida. Umaliziaji wa wastani. Chanzo cha maji: hakuna.* Nikashika mdomo. Maneno yale yalikuwa yake, neno kwa neno. Ndiye aliyewafundisha wathamini wote wa ofisi hii kuyaandika.

"Nina tangi chini ya ua," alisema, kwa sauti ambayo sikuijua. "Lita elfu thelathini. Mthamini wenu alisimama juu yake akiandika kwamba sina maji. Juu yake, dada! Viatu vyake viko juu ya mfuniko!"

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Akatazama pembeni. "Akasema niandike fomu."

Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Nikampa fomu na kalamu, akaenda kukaa kwenye benchi. Akaandika maneno matatu, akayafuta. Akaandika tena, akafuta. Kisha nikaona kitu ambacho sikutegemea kukiona maisha yangu: Mama Futi akaigeuza karatasi na kuutazama upande wa nyuma, ule mweupe, mpana.

"Nikiendelea huku..."

"Ya nyuma hayasomwi, mama."

Mdomo umezoea, jamani! Ilitoka kabla sijaizuia, na benchi zima lilisikia. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Yeye hakukasirika. Alinitazama tu, kisha akauliza polepole, "Wale waliokuwa wanaandika nyuma, walikuwa wanaandika nini?"

"Sijui, mama. Hatukusoma."

"Fomu zao ziko wapi?"

"Stoo. Ulikataza tusitupe karatasi."

Ningepaswa kumwambia kwamba si mtumishi tena, haruhusiwi. Lakini miaka ya kumtii haifutiki kwa sherehe moja ya kumuaga. Nikamletea boksi. Akavaa miwani, akaanza kugeuza fomu moja moja na kusoma migongo yake, nami nikaendelea na foleni jicho moja likiwa kwake. Kuna alizocheka. Nyingine alizirudia. Zaidi ya saa nzima ilipita hivyo, halafu nikasikia benchi likilia. Alikuwa amesimama, fomu moja mkononi.

"Huyu ni nani?"

Sikuhitaji kusoma jina. Kingo za karatasi zilikuwa na kiwi nyeusi. Ilikuwa ya fundi viatu anayekaa chini ya ngazi za soko. Kisigino nilichovaa siku hiyo alikigonga yeye. Upande wa mbele, mistari yake mitatu yote, maskini, aliimaliza kwa salamu: natumaini hamjambo nyote hapo ofisini, mimi na wanangu tu wazima, nasikitika kuwasumbua. Hoja yenyewe ilikuwa nyuma.

*Mama aliyekuja kupima alisimama juu ya tangi langu la maji. Liko chini ya jiwe la kufulia. Nililichimba na marehemu mke wangu misimu miwili ya ukame. Naomba arudi agonge tu kwa kisigino, litaitika.*

Na huko mbele, chini ya salamu, kulikuwa na jibu la ofisi kwa wino mwekundu: *Hakuna hoja.* Mwandiko wa Mama Futi. Saini ya Mama Futi. Miaka sita iliyopita.

"Nyumba yake?" aliuliza.

"Ilibomolewa kupisha barabara, mama. Amepanga chumba kimoja nyuma ya soko." Ningeishia hapo, lakini nikishaanza sijui kunyamaza. "Si ndiyo ile tingatinga lilitumbukia?"

Mji mzima uliijua habari ile. Tingatinga lilifika uani kwa fundi viatu, ardhi ikapasuka, likazama mpaka vioo, dereva akatolewa amelowa chapachapa. Ofisini tulicheka wiki nzima. Hakuna aliyejiuliza maji yale yalitoka wapi.

"Na mimi nilicheka?"

Alicheka mpaka akashika mbavu, tulikuwa wote.

Akakaa kwa kishindo. Nilimpelekea maji, hakuyagusa. Baadaye sana akachukua fomu yake na kuijaza kwa mkono usiosita: tangi liko hatua ngapi kutoka mlango wa jikoni, lina ujazo gani, mfuniko uinuliwe vipi. Mistari mitatu kamili, bila salamu. Wiki ile ile mthamini akarudi, akainua mfuniko, akaona uso wake ndani ya maji. Thamani ikapanda. Mama Futi na mama yake watajenga nyumba, tena yenye chumba cha bibi karibu na bafu. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na mfupa kooni. Alishinda kwa sababu alijua kujaza fomu.

Siku aliyokuja kusaini ripoti mpya, alipanga tena foleni. Akasaini, kisha akaomba fomu nyingine ya pingamizi.

"Bado hujaridhika, mama?"

Alijaza palepale dirishani, akanipa, akaondoka kuelekea sokoni. Futi haikuwa kiunoni. Nikaitazama karatasi. Kwenye nafasi ya nyumba inayolalamikiwa aliandika namba ya nyumba ya fundi viatu, ile ambayo sasa ni lami. Chini yake:

*Tangi lilikuwepo.*
*Mthamini aliambiwa, akakataa kusikia. Mlipeni mzee huyu haki yake.*
*Mthamini huyo ni mimi.*

Niliisoma mpaka herufi zikaanza kucheza. Nikapiga muhuri wa kupokelewa. Mzee aliyefuata kwenye foleni alikuwa amekwisha kujaza yake mpaka mwisho. Akaniuliza kwa woga kama anaweza kugeuza karatasi, maana mistari imemwishia na bado hajaisema nyumba.

"Geuza, baba," nilimwambia. "Nitasoma."