Pombajira wa Al Mankhool

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, huamini kila kitu kinachokuja na mto wa kukalia sakafuni. Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu alikwishapitia mawe ya rangi, bakuli za shaba zinazogongwa sikioni, na maji ya tango yanayonywewa kwa nia njema. Kwa hiyo aliponipigia simu kusema kapata mwalimu wa nguvu za wanawake weusi wa Brazil, sikushangaa. Kilichoniudhi ni kwamba darasa lenyewe lilikuwa mtaa wa Al Mankhool, hapa Dubai, katika hoteli niliyokuwa nikifanyia kazi, na alitaka nimsindikize.

"Wifi, wewe una damu ya bara kunishinda mie," aliniambia. "Mambo haya utayafahamu upesi."

Sisi ni watu wa Unguja, wazee wetu walihamia Dubai kabla sijazaliwa, na katika ukoo wetu damu ya bara hutajwa pale tu inapohitajika.

Hotelini sisi wafanyakazi tuliambiwa ni darasa la kupumua. Mchawi hufungwa katika nchi hii. Mwenye kupumua hafungwi. Mwalimu alikuwa mwanamke wa Ulaya aliyekwenda Brazil likizo akarudi kuhani, nywele kazisokota makusudi zionekane hazijaoshwa. Alikuwa ametandaza kitambaa chekundu juu ya zulia letu, kapanga waridi za plastiki, na katikati kaweka mishumaa ya betri, maana ya moto ingeliza kengele za hoteli. Kiyoyozi kilikuwa kikali hata baadhi ya wanawake walijifunga mitandio mabegani.

"Leo tunamwita Pombajira," alisema. "Ni mungu wa kike wa kujipenda. Mwite, na wanaume watakufuata."

Akawasha ngoma kwenye simu yake. Wanawake wazima, wengine wenye wajukuu, wakaanza kuzungusha viuno. Mmoja alicheza na mkoba wake begani, asimwamini mungu wala jirani. Wifi yangu alifumba macho kwa nguvu kama mtoto anayetiwa dawa. Mimi niliegemea ukuta.

Kando yangu mtu akaangua kicheko. Alikuwa mwanamke mweusi, mnene, kavaa gauni jeupe na kilemba cheupe.

"Dada, kicheko ni nguvu iliyofungwa," mwalimu alimwambia kwa upole. "Iachie itoke."

"Si nguvu. Nakucheka wewe."

Ngoma ikazimwa. Mwalimu akamuuliza anatoka wapi, naye akajibu Bahia, Brazil. Mwalimu akaunganisha viganja kifuani. "Basi umekuja kutubariki."

"Nimekuja kwa sababu tangazo lilisema Brazil. Nilidhani kutakuwa na chakula."

Akachukua viatu vyake akatoka. Nikamfuata. Wifi alibaki, macho hakuyafumbua.

Nilimpeleka mtaa wa jirani, Karama, kwenye mkahawa wa samaki na wali. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alisema alichotaka. Mumewe alifundisha wanafunzi wa shule mieleka ya Kibrazili. Yeye alikulia katika nyumba ya dini ya bibi yake, dini waliyoivusha watumwa kutoka Afrika, na huko alichojifunza kwanza ni kufua.

"Kufua, kunyonyoa kuku, kulala kwenye mkeka, kunyamaza wakubwa wakisema," alihesabu kwa mwiba wa samaki. "Miaka. Ndipo unanyolewa kichwa, unaingizwa. Yule anaiita mizimu yangu kwa simu!"

"Na Pombajira?"

"Huyo hakupi mume. Akikupanda anavuta sigara, anakunywa, anakuumbua mbele za watu. Wazee wa nyumba yetu walimwita Pambu Njila. Mwenye njia. Hukaa njia zinapokutana."

Njila. Njia. Nikamwambia kwetu pahala hapo ni njia panda. Akanirudishia neno hilo mara kadhaa, akilitafuna. Akaniambia mtu anayepandwa na mzimu kwao huitwa farasi. Nikamwambia kwetu huitwa kiti. Nikafurahi mno, nikajiona si kama wale wa kwenye zulia. Ndipo nikamwomba anitazamie mambo yangu ya ndoa.

Akanitazama vilevile alivyomtazama mwalimu. "Hata wewe," akasema, akaagiza chai.

Neno "kiti" lilinirudisha kwa marehemu bibi yangu na yaliyonong'onwa juu yake. Nilipofika nyumbani nikamuuliza mama kama ni kweli bibi alikuwa kiti cha Kibuki, wale mashetani wa Bukini, huko Madagaska, wanaopenda brandi.

"Nani kakwambia? Hebu funga mlango huo." Mama akashusha sauti. "Mambo ya zamani yale. Na usije ukayasema mbele ya wifi yako, akatudharau."

Ijumaa iliyofuata tulikula kwa kaka. Wifi alikuwa akiwaeleza wageni habari za Pombajira, jinsi alivyomfungua kifua, huku akichezesha ushanga mwekundu aliouvaa mkononi. Mama akanikazia macho. Nikasema hata hivyo:

"Bibi yetu Unguja naye alikuwa hivyo. Akipandwa kichwani, anakunywa brandi."

Wifi aliweka kijiko chini. "Astaghfirullah! Ushirikina huo unausema mbele ya wanangu? Mambo ya kishenzi!"

Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Kaka aliniletea maji. Mama alininunia siku kadhaa, na wifi akaendelea na darasa lake hadi mwalimu alipohamia kwenye ibada ya kunywa kakao ya Meksiko, naye akahamia naye.

Yule Mbrazili nilikutana naye tena Karama kabla mkataba wa mumewe haujaisha. Nilimsimulia yote nikitegemea atacheka kama siku ile. Hakucheka. Aliuliza bibi yangu alizikwa wapi, na nani anayemwekea maji, kama wafu wa kwao wanavyowekewa.

"Hakuna," nilimwambia. "Sisi hatufanyi hayo."

"Ala," akasema, akavuta sahani yake ya samaki karibu.