Shimo Tulilolifuta Kwenye Daftari

Siku ya Jumatatu ya juma lake la mwisho, mwanafunzi kutoka Korea Kusini aliyekaa nyumbani kwetu Matinyani kwa muhula mzima alikuwa amemaliza kuandika ripoti yake. Ijumaa angeisoma mbele ya mwalimu wake na wanafunzi wenzake huko Mukuyuni, upande wa Makueni, ambako wengi wao walikuwa wamepangiwa kukaa. Jumamosi wangeondoka. Ripoti hiyo ndiyo ilikuwa mtihani wake wa pekee. Hakukuwa na karatasi nyingine ya kuandika, wala nafasi ya kurudia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mto wetu hutiririka wakati wa mvua tu. Miaka kadhaa iliyopita tulijenga ukuta wa zege kuukatiza, nami nilikuwa mmoja wa mafundi. Nyuma ya ukuta mchanga ulijaa hadi juu, na ndani ya mchanga huo maji hukaa miezi mingi bila kukaushwa na jua. Anayetaka maji huchimba shimo mpaka ayakute, kisha huchota. Mwanafunzi alitaka kujua maji hayo hushuka kwa kasi gani baada ya mvua kukoma. Tulichagua mashimo manane, tukayapa nambari, na kila asubuhi kuanzia mwezi wa tano tuliyapitia tukipima kutoka mdomo wa shimo hadi uso wa maji, kwa tepu niliyoifungia nati ya chuma mwishoni.

Kupima kutoka mdomoni lilikuwa wazo langu. Mimi niliacha shule darasa la saba. Yaliyobaki nimejisomea mwenyewe katika vitabu vya ujenzi na vya hesabu, vile vilivyokwisha tumiwa na wengine, na sikuwahi kufungua cha pili kabla ya kumaliza mazoezi ya cha kwanza. Siku ya kwanza aliponiuliza, "Fundi, tupime kutoka wapi?" nilimjibu bila kusita. Niliona fahari kuulizwa na mtu wa chuo kikuu.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kiswahili alikuwa amefundishwa darasani, nacho kilikuwa safi kuliko chetu, hata akina mama pale mtoni wakawa wanamchokoza: "Sikia huyo, ni kama redio!" Kitu chochote alikipokea kwa mikono miwili, hata kikombe cha chai alichopewa na mtoto wangu mdogo. Nimefanya kazi na vibarua wengi na wanafunzi wachache, na sijaona mtu mwangalifu kama yeye. Aliandika kipimo kabla ya kupangusa mikono. Nati ikitikisa maji, alisubiri yatulie. Siku moja alipokuwa na homa na mimi nikapima peke yangu, aliandika pembeni kwamba siku hiyo mpimaji alikuwa mwingine. Nilimuuliza kwa nini, kwani hakuniamini? Akasema, "Nakuamini, Fundi. Lakini anayesoma hakujui."

Shimo la saba lilitusumbua tangu mwezi wa pili wa kazi. Lilikuwa kando ya mwamba, na lilitumiwa na bibi mmoja mzee aliyekuja kila asubuhi na jerikeni ya lita tano. Kwake tulipima kutoka kwenye ncha ya mwamba wenyewe. Mashimo mengine saba yalionyesha maji yakishuka haraka, karibu sawasawa. Lake lilionyesha maji yakishuka polepole. Nikamwambia mwanafunzi, "Hilo lifute. Huenda kuna chemchemi chini ya mwamba." Nilifikiri kama fundi: nikiona mawe saba yamekaa sawa kwenye kozi, yaani safu moja ya ukuta, na moja limeinuka, nyundo yangu huenda kwenye hilo moja.

Alipiga mstari juu ya nambari saba kwenye hesabu zake. Lakini hakuacha kulipima. Bibi alikuwa na desturi ya kumsubiri akiwa ameketi juu ya jerikeni, kisha kushika mwanzo wa tepu kwa vidole viwili kana kwamba kazi yote inamtegemea yeye. Mwanafunzi alimwita susu, kama tunavyowaita bibi zetu kwa Kikamba. Nilipomuuliza kwa nini anapoteza dakika kumi kila siku kwenye shimo lililofutwa, alijibu kwamba susu amekwisha kaa anasubiri, na kumpita ingekuwa aibu. Kwa hiyo nambari ziliendelea kuandikwa katika kurasa za nyuma za daftari, mahali ambapo hakuna aliyezitazama.

Jumatatu hiyo tulikuwa kwenye shimo la tatu. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye maneno mengi, alikuwa akijaza mitungi yake.

"Mwiitu," alimwambia, kwa jinsi tunavyomwita binti, "ukienda, utatuachia nani wa kupima mchanga wetu?"

Mwanafunzi alitabasamu. "Ninapima maji, mama."

"Maji iko chini! Wewe unashika tepu hapa juu, kwa mchanga yangu. Nikitoa karai tatu, unaandika. Nikitoa ingine, unaandika. Mimi nilifikiri ndio masomo, kujua ni nani anafanya kazi sana."

"Basi mimi ndio namba moja," alisema mwenzake kutoka shimo la nne.

"Wewe? Hiyo shimo yako ya uvivu, hata punda inaingia ikilala?"

Walicheka wote. Mimi pia nilianza kucheka, halafu nikaona uso wa mwanafunzi. Alikuwa amepiga magoti, ameweka kiganja kwenye ukingo wa shimo, akiupapasa kuanzia juu hadi pale mchanga wa kawaida ulipoanza. Ukingo ulikuwa umefika karibu na kiwiko chake.

"Mama, unafanya hivi kila siku?"

"Mwenye kufika wa kwanza ndiye anafukua. Anaweka mchanga hapa kwa mdomo, kinyesi ya punda isiingie. Hata mama yangu alikuwa anafanya hivyo. Si uulize Fundi? Yeye amezaliwa hapa."

Kweli nimezaliwa hapo. Nimeona wanawake wakifukua na kulundika mchanga mdomoni tangu nikiwa nabebwa mgongoni, na kwa sababu hiyo sikuuona. Ukingo uliinuka kidogo kila asubuhi, nasi tukapima kutoka juu yake na kusema maji yameshuka. Mashimo saba yalikubaliana kwa sababu wenyewe walikuwa na desturi moja. Mwamba peke yake haukuinuka.

Tulirudi nyumbani. Alifungua ripoti mezani, akaitazama michoro yake, kisha akaifunika.

"Ripoti yangu inasema uongo," alisema.

Nakiri kwamba neno la kwanza lililonijia halikuwa zuri. Nilimwambia zimebaki siku nne, kwamba Mukuyuni hakuna mtu anayelijua bwawa letu, na kwamba akiisoma kama ilivyo angepata alama zake na kurudi kwao. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Nitajua mimi," alisema. "Na akina mama wanajua tayari."

Kisha akalichukua daftari na kuligeuza nyuma, kwenye kurasa za shimo la saba. Nambari zilikuwepo zote, asubuhi baada ya asubuhi, kwa mwandiko uleule mdogo. Tulizitazama muda mrefu. Nilijua anachofikiri, nami nikaliona tatizo lililobaki: nani angekubali kwamba shimo moja linasema kweli na saba yanakosea? Mimi mwenyewe ndiye niliyeleta habari ya chemchemi.

Hapo ndipo nilipoweza kusaidia. Fundi ana mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Ukiujaza maji, maji ya ncha moja na ya ncha nyingine hukaa usawa mmoja hata kama ardhi kati yake imepanda na kushuka. Ndivyo tunavyosawazisha msingi wa nyumba. Jumanne asubuhi tulipiga vigingi toka mwamba hadi shimo la mbali kabisa, tukahamisha alama ya mwamba kigingi kwa kigingi. Akina mama waliacha mitungi wakatushikia mpira. Jirani yule mwenye maneno alipewa ncha ya mwisho, akaambiwa asiitikise, na kwa mara ya kwanza nikamwona amenyamaza dakika nyingi mfululizo.

Tulipopima kutoka usawa huo mmoja, maji ya mashimo yote manane yalikuwa mahali pamoja, tofauti isiyozidi upana wa kidole. Hakukuwa na chemchemi. Shimo la susu lilikuwa limeyasemea mengine yote tangu mwezi wa tano.

Mwanafunzi alikaa mchangani. Sijui kama alikuwa anacheka au analia, kwa kuwa alikuwa ameinamisha kichwa. Susu alimtazama, kisha akaniuliza kwa Kikamba kama mtoto ni mgonjwa. Nilimweleza kwamba kazi ya shimo lake ndiyo imesalia.

"Sasa mlidhani mimi nakuja hapa kukaa bure?" alisema.

Jumatano yote aliandika. Ukurasa wa kwanza wa ripoti mpya ulieleza kosa kabla ya kueleza jambo lingine lolote: tulipima kutoka mdomoni, mdomo uliinuka, hatukuwauliza wanaochota. Nilimwomba aandike kwamba mdomo lilikuwa shauri la fundi. Alikataa.

"Tepu niliishika mimi, Fundi."

"Na maneno yalikuwa yangu."

"Nilipaswa kuuliza watu wengine pia. Nilikuuliza wewe tu kwa sababu ulijibu haraka."

Hakulisema kwa ukali. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile.

Alhamisi nilimsindikiza Mukuyuni, na Ijumaa tuliketi katika ukumbi wa kanisa waliouazima, mimi nikiwa nyuma na mpira wangu umekunjwa ndani ya mfuko wa sandarusi. Wanafunzi waliotangulia walisoma vizuri, kwa sauti za watu wasio na wasiwasi. Yeye alipofika kwenye ukurasa wa kosa, wenzake waliinua vichwa. Mwalimu wake, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiandika wakati wote, aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo mashimo saba umeyatupa?"

"Sijayatupa. Yako nyuma, na nimeeleza kwa nini hayatumiki."

"Na ulichagua kupima kutoka mdomoni kwa sababu gani?"

Niliona kwamba mwanafunzi anatafuta jibu la kweli lisilonitaja. Nikasimama. Sikuwa nimesimama mbele ya mwalimu tangu darasa la saba, na mikono yangu haikujua pa kukaa. Nilisema kwamba shauri lilikuwa langu, kwamba nimekulia mtoni pale na nilipaswa kujua, na kwamba mtoto huyu aliendelea kupima shimo nililomwambia alifute, kwa heshima ya bibi kizee. Nikasema nimekuja na mpira, kama kuna anayetaka kuona ulivyofanya kazi.

Mwalimu aliutaka. Tulitoka nje, tukausawazisha kati ya ngazi ya kanisa na nguzo ya lango, na wanafunzi wakaja kuchungulia mmoja mmoja. Aliniuliza maswali matano, yote ya maana. Tuliporudi ndani alimuuliza mwanafunzi wake moja tu: kama angeanza upya, angepima kutoka wapi?

"Kwanza ningekaa wiki moja nikichota maji na akina mama," alijibu. "Halafu ndipo ningechagua."

Mwalimu aliandika kitu, akapiga mstari chini yake. Jioni kabla ya chakula alama zilisomwa. Alikuwa amefaulu. Hakuwa wa kwanza. Msichana aliyeandika juu ya soko la maembe alimpita, na kwa haki, kwa maana kazi yake ilikuwa na data kamili. Mwanafunzi wetu alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Jumamosi walipandia gari lao katika mji mdogo wa Salama, kwenye barabara kuu, kati ya wauza matunda na malori yaliyoegeshwa. Alinipa tepu kwa mikono miwili, nati ikiwa bado imefungwa. Nilimwambia tepu ni yake, aliinunua mwenyewe. Akasema ni ya shimo la saba, akainama kwa desturi ya kwao, nami nikainama pia, vibaya, mpaka muuza machungwa akatucheka.

Jumatatu iliyofuata nilishuka mtoni saa moja asubuhi, tepu mkononi. Susu alikuwa ameketi juu ya jerikeni yake kando ya mwamba.

"Amepita mtihani?" aliuliza.

"Amepita, susu."

"Amepita sana ama kidogo?"

"Vya kutosha."

Alinyoosha mkono, vidole viwili vikiwa tayari.

"Basi lete hiyo tepu. Jua linapanda."