Vipande Vitatu vya Bunduki ya Baba

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai hadi moyo wangu umepoa vya kutosha kuandika. Wema wake ulitangulia kufika langoni siku ambayo sisi wenyewe hatukuwa na wema wa kutosha. Jina lake lisifiwe kabla sijasema langu lolote.

Kila mwaka, siku moja kabla ya Krismasi, baada ya chai ya saa nne, Baba alikuwa akitandika gunia uani kwetu Kitengela na kuifungua bunduki yake. Ilikuwa bunduki ya mtutu mmoja, ya kufukuza nyani kwenye mahindi. Aliachiwa na mzungu aliyemwajiri kama nyapara huko magharibi, mzungu huyo alipokuwa akirudi kwao. Baba aliigawa vipande vitatu. Mimi, kifungua mimba, nilipewa mtutu. Mdogo wangu Wafula alipewa kitako chenye kifyatulio. Dada yetu Nasimiyu alipewa kishikio cha mbele, kile kipande cha mti chenye kichuma ndani, kinachouzuia mtutu usianguke. Kila mmoja alipaka mafuta kipande chake kwa kitambaa cha flana, huku upepo wa Kitengela ukiturushia vumbi na Mama akilalamika kwamba tunanukisha nguo za kanisani.

"Paka pole pole," Baba alisema. "Huo ni mti, si ng'ombe wa kusukuma."

Tuliipenda bunduki ile. Mwanzoni mwa miaka ya tisini vita vya majirani vilifika nyumbani kwetu magharibi, boma likachomwa, na wazazi wetu wakanifuata Kitengela, nilikokuwa nimeajiriwa katika kiwanda cha saruji. Walifika na blanketi moja, Biblia ya Mama na bunduki. Baba hakusimulia walivyotoka. Sisi tukajisimulia wenyewe kwamba bunduki ndiyo iliyowaokoa, na mwaka baada ya mwaka tukazidi kuiheshimu.

Alipokaribia kufa alituita watatu. Hakuwa na shamba tena la kutugawia, akaigawa bunduki.

"Kila mtu achukue kipande alichozoea kupaka mafuta," alisema. "Mkae nacho mbalimbali. Krismasi mkutane."

Tukadhani ni mapenzi ya mzee. Baada ya mazishi nilikwenda kituo cha polisi kueleza habari za cheti cha kumiliki bunduki. Afande aliweka kalamu chini akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Mzee Barasa, bunduki haigawanywi kama shamba! Leta vipande vyote hapa."

Nikasema ndiyo afande, nikarudi nyumbani, na sikupeleka. Kwa hilo nilikosa, na nimetubu. Mtutu ulikaa juu ya kabati langu. Kitako kilikwenda Kajiado, alikoishi Wafula. Kishikio kilikwenda Kimana, Nasimiyu alikokuwa akilima vitunguu.

Miaka ikapita. Ukaja uchaguzi ule ulioifuata Krismasi siku chache tu. Tulikuwa tumekutana kama kawaida na kupaka mafuta. Wafula alirudi Kajiado na kitako chake. Nasimiyu alibaki akisubiri gari la kwenda Kimana, na gari halikuja, kwa sababu ghasia zilizuka baada ya kura na barabara zikafungwa.

Sitasema waliochoma nyumba walikuwa kabila gani. Waliotuumiza na waliotuficha walitoka pande zote.

Mimi nilikuwa mzee wa kanisa na ufunguo wa lango ulikuwa kwangu. Kanisa lilipakana na nyumba yangu, tukitumia ua mmoja. Siku ya tatu ya ghasia wapangaji waliofukuzwa walikuwa wamejaa humo: akina mama, watoto, wazee wawili wasioona vizuri. Nasimiyu alifunga leso kiunoni akaweka mafiga matatu uani. Kuni hazikutosha. Tulichoma mbao za benchi bovu, kisha mlango wa choo cha zamani.

Siku hiyo, mchana, Wafula aliingia.

Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia kutoka Kajiado. Viatu vyake vilijaa udongo mweusi. Alikuwa na gunia kwapani, na nililijua umbo lililokuwa ndani.

"Shemeji yangu amekufa," alisema. Alimaanisha Simiyu, kaka ya mke wake, fundi wa baiskeli. "Wamemkata dukani kwake. Nawajua. Wako hapa Kitengela."

Nikamshika bega. Akauondoa mkono wangu.

"Kaka, niko na risasi mbili za Baba. Nipe mtutu."

"Wafula, kuna watoto hapa."

"Ndiyo sababu nataka. Au utawazuia kwa wimbo?"

Na hapa sitaficha kitu: niliingia ndani nikautoa mtutu juu ya kabati. Nilitoka nao uani. Mkono wangu ulikuwa tayari kumpa. Nilijiambia kwamba kama ulimwokoa Baba, utatuokoa na sisi.

Nasimiyu alikuwa ameinama kwenye sufuria. Alitusikia. Alifuta mikono, akaenda kwenye gunia lake la vitunguu, akatoa kishikio.

"Mnatafuta hiki?"

"Lete, Nasimiyu," Wafula alisema.

"Kabla sijaleta. Mnajua Baba alitoka vipi kule nyumbani?"

Wafula alinyoosha mkono apokee; Nasimiyu akakishikilia.

"Aliniambia mimi peke yangu, wiki aliyokufa. Alipiga risasi moja kupitia dirishani. Hakuona vizuri kwa moshi. Aliyeanguka ni yule jirani aliyekuwa akinunua maziwa kwetu. Alikuwa amekuja kuwaonyesha Baba na Mama njia ya kutokea."

Niliutazama mtutu mkononi mwangu.

"Alisema, 'Nimewagawia ili mmoja akipandwa na hasira, wawili wamkatalie.' Barasa, wewe umeshakubali. Nimebaki mimi."

Akainama, akakisukuma kishikio chini ya sufuria ya ugali.

Mti ule ulikuwa umekunywa mafuta ya Krismasi zote. Ulishika moto mara moja. Wafula alipiga kelele, akaruka kuutoa, kisha akasimama nusu njia. Alikaa chini mavumbini na kulia kwa sauti. Nami nililia. Nilimlilia Simiyu, nikaulilia na ule mti. Hata leo sijui ni kipi nilichokililia zaidi, na hilo linaniaibisha.

Ugali haukuwa umeiva bado lango lilipogongwa.

Walikuwa vijana kama thelathini. Panga, rungu, chupa za mafuta ya taa.

Akina mama waliwafunika watoto midomo.

"Buda! Mzee! Fungua. Tunajua uko na bunduki. Lete hiyo bunduki na tutaenda."

Habari ya bunduki ile ilijulikana mtaa mzima. Ndiyo iliyowaleta.

Nilifungua. Sikuona faida ya kuvunjiwa lango. Nikaanza kuwaeleza yaliyoipata bunduki.

"Mzee, wacha story," alisema kiongozi wao, mwembamba mwenye kofia ya sufu. "Iko wapi?"

Wafula aliinuka. Nilidhani atamrukia. Alimpa kitako. Mimi nikampa mtutu. Kijana akaviunganisha, akainua, na mtutu ukamdondokea kwenye kidole cha mguu.

Akaruka kwa mguu mmoja. Mmoja nyuma akacheka.

"Kipande kingine kiko wapi?"

Nasimiyu alichokora majivu kwa mwiko, akakitoa kile kichuma cha ndani kikiwa chekundu.

"Hiki hapa, mwanangu. Chukua, lakini kina moto, angalia vidole."

"Mama, umepika na bunduki?"

"Kuni zimeisha. Ningefanyaje?"

Kicheko kikaanzia nyuma kikafika mbele. Sijui niite nini kilichotokea usoni mwa kijana yule. Alijaribu kukasirika, ikamshinda. Akatupa kitako chini.

"Twendeni. Hawa wazee wamechanganyikiwa kabisa."

Wakaenda. Tulifunga lango, tukala. Katika ua ule hakupotea hata mtu mmoja, na Wafula hakumwaga damu ya mtu. Wiki chache baadaye watu walirudi makwao au kwenye mabaki ya makwao, na tuliimba hadi sauti zikatukauka.

Barabara zilipofunguka tulimzika Simiyu. Kisha tulipeleka mtutu, kitako, kichuma na zile risasi mbili polisi. Afande alikuwa yule yule, ameota mvi. Safari hii hakucheka.

Kilichobaki ni kile kitambaa cha flana. Bado kinanuka mafuta. Krismasi tunakutana, tunakiweka katikati ya meza, na mke wa Wafula anamtaja kaka yake kwa jina. Natamani kukishika kile kishikio tena, sitadanganya. Lakini namtazama Wafula akimenya vitunguu vya dada yetu kwa mikono isiyo na deni la uhai wa mtu, naona tulishinda, na kwamba tulishinda kwa kupoteza kitu tulichokipenda.

Wewe unayesoma, Mungu akupe ndugu wa kukukatalia siku utakapokosea, na moyo wa kuwashukuru baadaye. Nyumba yako iwe salama na mikono yako iwe safi. Amina.