Aliyenyanyuka Hana Kura

Enzi zetu mchezaji bora wa tenisi hakuokotwa kwenye simu. Tulimnunua kwa makalio: unakaa mbele ya televisheni tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho, ndipo unaruhusiwa kufungua mdomo. Siku hizi kitoto kinaangalia vipande vya dakika nne, kimelala chali, na tayari kimeshamtawaza mfalme wa dunia. Ukikipinga, kinakuonyesha idadi ya vikombe. Kana kwamba vikombe vinatoka jasho.

Wenzangu mliokulia Rinkeby, huku Uswidi, mnakumbuka. Ukuta wa gereji nyuma ya jengo letu ndio uliokuwa uwanja, na mpira wenyewe ulishanyonyoka manyoya yote, una upara kama mwalimu wa hesabu. Raketi moja, watoto wa jengo zima, foleni bila msimamizi. Theluji ikianza tu kuyeyuka, kabla hata changarawe za kuzuia utelezi barabarani hazijafagiliwa, tumeshatoka. Tukirudi ndani tunapokewa na harufu mbili: maandazi ya mama na soksi za Papa Ilunga.

Papa Ilunga alikuwa rafiki wa baba, Mkongo wa Lubumbashi, dereva wa basi kama yeye. Kila fainali alitoka kwake Husby akaja kwetu, viatu mlangoni, karanga mfukoni. Wazee hao hawakuwaita wachezaji kwa majina ya magazetini. Wa baba aliitwa Jiwe, kwa kuwa alikaa nyuma akirudisha kila kitu, hakunji uso wala hacheki. Wa Papa Ilunga aliitwa Kisu: anaanzisha mpira, anaukimbilia wavu, anamaliza kazi. Walivyowalinganisha ungedhani wanauziana mbuzi.

“Mon cher, uyu wako iko ukuta tu,” Papa Ilunga angesema. “Ukuta haichezi tenisi.”

“Na hicho Kisu kikikosa nyama kinakata nini? Haya, nipe mkono wake, nikupe miguu ya Jiwe.”

“Miguu peke yake? Ongeza!”

Waliongezeana hadi chai ikapoa. Lakini biashara ilikuwa na sheria moja: mwisho wa fainali tunapiga kura nani mkubwa, na aliyenyanyuka kabla ya mpira wa mwisho hana kura. Chooni unakwenda mapema, kama mtu anayesafiri. Papa Ilunga aliwahi kupoteza kura yake kwa kumfungulia mlango jirani. Vinginevyo, wapiga kura wakiwa wawili tu, kila mwaka ilikuwa sare.

Nilipotimiza miaka kumi, baba akatangaza kwamba nami sasa nina kura. Baadaye nilipewa baiskeli, sikuiona kitu. Kura yangu ndiyo ingevunja sare ya miaka yote ile, na tazama bahati, walioingia fainali walikuwa Jiwe na Kisu wenyewe. Sikuthubutu hata kunywa maji.

Ilikuwa imefika seti ya tano mama alipotoka mlangoni pa jikoni na kapu la majoho ya kwaya yake. Mnaijua sheria ya tvättstuga, chumba cha kufulia cha jengo zima kule chini: unaweka kikufuli chako kwenye ubao, zamu ni yako; ukichelewa nusu saa, jirani anaingia, tena kihalali. Zamu nyingine ingepatikana baada ya arusi ambayo kwaya ilikuwa iimbe.

“Saa kumi hiyo. Nani anashuka?”

Papa Ilunga akamenya karanga.

“Papaa, nenda wewe,” baba akasema bila kugeuza shingo. “Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

“Miye? Nguo iko ya muke yako!”

“Rehema,” mama akanigeukia.

Nikashika mkono wa sofa. “Nashuka, mama, kama kura yangu inabaki.”

“Haibaki!” wazee wakajibu kwa sauti moja. Ndiyo mara pekee niliyowasikia wakikubaliana.

Mama akatutazama mmoja mmoja, akaliweka kapu chini, akalikalia. Zamu ikaenda. Jiwe akashinda. Papa Ilunga akampigia kura Kisu, baba na mimi tukampa Jiwe, na baba akaruka: “Mbili kwa moja! Imekwisha!”

“Hesabu tena,” mama akasema. “Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni tangu mpira wa kwanza. Sikunyanyuka, maana hakuna aliyenikaribisha nikae. Kura yangu nampa Kisu. Yeye anamaliza kazi mapema, watu wakafue.”

Nilihesabu mara mbili. Sare. Jioni hiyo mama aliketi na chai yake akisikiliza madereva wawili waliopiga magoti kwenye bafu letu, wakisugua majoho kwa mikono na kubishana kuhusu miguu ya Jiwe.

Sasa mama ametangulia, na Papa Ilunga tulimzika majira ya baridi yaliyopita. Fainali ya kiangazi hiki nilikwenda kuitazama kwa baba, Hässelby, na mwanangu Daudi. Seti ya pili haijaisha, Daudi kanyanyuka. Ataona muhtasari, alisema kwa Kiswidi. Tena, babu, siffrorna ljuger inte, tarakimu hazidanganyi.

“Hazikai pia,” baba akamjibu. Daudi akacheka, akaenda chumbani na simu yake. Kijana ana raketi tatu, na ule ukuta wa gereji haujui hata uko wapi.

Tukabaki wawili hadi mpira wa mwisho. Waliokuwa wakicheza walikuwa hodari, sikatai, ila hata majina ya kuwapa hatukuwa nayo. Baba akazima televisheni, akauliza kama zamani: Jiwe au Kisu?

“Jiwe,” nikasema. Nikamngoja anipigie makofi.

“Kisu,” baba akasema.

“Baba! Wewe?”

“Jiwe wako iko ukuta tu,” akasema, akitazama upande mtupu wa sofa, alipozoea kukaa Papa Ilunga. “Haya, bisha. Tusiache sare ya watu ivunjike.”